Kupaka rangi askari wadogo wa mapigano ya Tanga

Anayetengeneza mandhari ya mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, kati ya Wajerumani na Waingereza, kwa askari wa plastiki wa kipimo cha 1:72, ambao kimo chao ni kama milimita 24, aanze kwa kuwaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kuwa hutoka kiwandani na mafuta yanayozuia rangi kushika. Wakikauka, wapakwe rangi ya msingi ya kijivu kwa tabaka jembamba. Hapa pwani, unyevu ukizidi, ni afadhali kungoja hadi kesho yake.

Askari wa Kiafrika wa jeshi la Wajerumani walivaa sare za kaki, tarbushi iliyofunikwa kwa kitambaa cha kaki, na vitambaa vya buluu-kijivu vilivyoviringishwa miguuni. Kaki isifanane kwa wote, maana nguo inayofuliwa na kupigwa jua hupauka. Kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi ipitishwe juu ya sare, itulie kwenye mikunjo, kwapani na chini ya mkanda, kisha brashi iliyokaribia kukauka, yenye kaki iliyopauka, iguse magoti na mabega tu. Hapo ndipo kazi ilipo. Ngozi isipakwe nyeusi tupu, ambayo humeza sura yote. Kahawia mbili tatu zinatosha. Macho yaachwe, kwani doa jeupe humfanya askari aonekane ameshtuka.

Baada ya vanishi isiyong'aa, wabandikwe chini ya minazi. Wale nyuki mashuhuri waliowavamia askari katika mapigano hayo wasikusumbue: kwa kipimo hiki wangekuwa kama chembe za mchanga.