Koili au ignaita ikianza kutoa ute: fanya hivi kabla hujakimbilia kununua spea

Kama una gari ya zamani ya petroli, iwe Land Rover, Datsun, Peugeot 504 au hizi Corolla za miaka ya 90 zenye distributa (inayogawa umeme kwenye plagi), ipo siku utafungua boneti ukute kitu kimechuruzika chini ya koili (ile inayopandisha umeme wa betri kwenda kwenye plagi) au pembeni ya ignaita (kile kiboksi kinachokata na kuunga umeme wa koili, ndo moduli yenyewe), kinanata, kimeshika vumbi mpaka kimekuwa kama ugoro. Hapa Dodoma vumbi halina adabu kwaiyo mara nyingi utaona kwanza lile tope kavu, ute wenyewe uko chini yake. Usifute kwanza, maana kabla ya kufuta lazima ujue kilichovuja ni nini, na hapo ndo watu wengi wanapoteza hela, wananunua ignaita wakati shida ilikuwa oringi, pete ya mpira ya bei ya soda.

Chukua kidogo kwenye kidole. Kikiwa cheusi, kinavutika na kinanuka lami, hiyo ni lami kweli, moduli nyingi za zamani zilijazwa lami ili unyevu na mtikisiko visifike kwenye saketi. Kikiwa cheupe kama maji au rangi ya asali, laini kama jeli na hakikauki, hiyo ni jeli ya silikoni, inatumika kwenye moduli za baadae kidogo. Kikiwa oili nyepesi imelowesha shingo ya koili ile ya duara kama kopo, hiyo ni oili ya kupozea nyaya za ndani ya koili. Kikiwa oili nzito imejaa ndani ya kava la distributa, basi hiyo ni oili ya injini tu, sili au oringi ya distributa imechoka, badilisha hiyo, safisha, endelea na maisha. Alafu kuna ile krimu nyeupe chini ya ignaita, hiyo haijavuja popote, imewekwa makusudi kupeleka joto kwenye bodi ya gari. Kuna mafundi wanaikwangua wakidhani uchafu, wanafunga ignaita kavukavu, baada ya muda mfupi imekufa na lawama inaenda kwa muuza spea.

Sasa kwa nini inavuja. Joto, karibu kila mara ni joto, na Oktoba na Novemba huku kwetu ukipaki juani halafu ukaondoka na foleni ya mjini injini inachemsha kila kitu kilichoko chini ya boneti. Ila jua peke yake sio sababu ya kutosha, huwa kuna kitu kinaongeza. Cha kwanza ni ethi mbovu, yaani pale umeme unaporudi kupitia bodi, moduli inategemea bodi kwa umeme na kwa kupoa pia, kutu au rangi ikikaa katikati inateseka. Cha pili ni koili isiyo yake. Koili ya om 3 (om ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye volti 12 inavuta ampia 4, ukiweka ya om 1.5 bila rezista yake ya nje inavuta 8, na moduli haijui kwamba ulipata bei nzuri. Cha tatu ni chaji kubwa, washa gari pima kwenye betri, inatakiwa icheze 13.8 mpaka 14.5, ikipita 15 shughulika na regulata inayodhibiti chaji kwanza maana hata ukiweka moduli mpya itachemka vilevile. Na cha nne, kuacha swichi on injini imezimwa mnasikiliza mpira. Kwenye gari za platinamu, yaani zenye pointi za kukata na kuunga umeme badala ya ignaita, pointi zikiwa zimefunga koili inapitisha umeme muda wote huo, inaungua taratibu huku mnashangilia.

Kuvuja sio lazima kuwe kumeua kitu. Ipime. Dalili ya moduli inayokufa ni gari kuwaka vizuri asubuhi, ikishapata moto inamisi (inawaka kwa kukatakata) au inazima ghafla, unajikuta umekaa pembeni ya barabara ya Kondoa unaangalia mbuyu, ikipoa inawaka kama hamna kilichotokea. Shida ni kwamba pampu ya mafuta nayo inafanya hivohivo, kwaiyo ikizima tu angalia moto wa plagi, ile cheche, hapohapo: chukua plagi ya akiba, chomeka kwenye waya, chuma chake kiguse bodi sawasawa kwa waya wa jampa, mbali na mafuta, mwenzako apige stata. Usishike kwa mkono na usiache waya wa plagi ukiwa hewani bila ethi, umeme wa koili ni maelfu ya volti, ukikosa njia unatoboa insulesheni ya koili au unaua moduli uliyotaka kuipima. Moto haupo? Weka kitambaa chenye maji, kimekamuliwa, juu ya moduli kwa dakika chache, kisiguse soketi. Moto ukirudi, umempata mwizi.

Koili ya oili iliyovuja mimi huwa sibishani nayo, inatupwa. Watu wanaziba shingo kwa gundi ya aradaite na inaonekana safi kabisa, lakini oili iliyotoka haijarudi, nyaya za ndani ziko hewani zinachemka na umeme unaruka pembeni. Nunua nyingine ya om zilezile, pima dukani na mita, usiamini maandishi ya boksi.

Moduli ndo inafaa kuhangaikiwa, hasa kama ni ya gari ambayo spea yake Kariakoo wanakuuliza "hiyo gari bado ipo?". Kama bado inafanya kazi na imevuja kidogo tu, usiifungue. Chomoa betri, toa moduli, safisha nje kwa spiriti na mswaki wa zamani, usitumie petroli, inaharibu mipira na plastiki mbali na hatari ya moto. Nguvu zako peleka kwenye soketi: lami ikiingia humo inavaa pini kama soksi, gari inamisi na moduli ni nzima kabisa. Futa pini moja moja mpaka uione inang'aa.

Kama imekufa na huna namna nyingine, basi fungua, huna cha kupoteza. Ya lami iweke kwenye friza usiku mzima ikiwa ndani ya mfuko, ikitoka inakuwa ngumu inakatika vipande kwa kijiti cha mbao, ukijaribu ikiwa ya moto utapaka lami mpaka kwenye kitasa cha mlango. Ya jeli usiingize bisibisi kabisa, mle ndani kuna nyaya nyembamba kama unywele na jeli ndo imezishikilia, ukigusa umemaliza. Kwenye ya lami tafuta viungo vya risasi vilivyopasuka, utaona kama pete nyeusi imezunguka mguu wa pini, hivyo viyeyushiwe risasi upya na fundi redio mwenye mkono mtulivu. Rudisha kwenye gari, iwashe, ipate moto kweli kweli, ndipo uzibe. Usizibe kitu ambacho hujakijaribu.

Na kuziba kwenyewe, ile silikoni ya madirisha na vyoo inayonuka siki hapana, ile harufu ni asidi, inakula shaba kimyakimya. Epoksi ngumu nayo sipendi, inabana, moduli ikitanuka na kusinyaa kwa joto inang'oa viungo ulivyotoka kuviunga. Tafuta silikoni isiyo na asidi, ya vifaa vya umeme, mwaga tabaka jembamba, acha likauke vizuri, ongeza jingine, wiki nzima ikipita sio mbaya.

Wakati wa kufunga, kwangua rangi na kutu pale inapokaa, paka krimu ya kupeleka joto nyembamba tu, ukijaza sana inakuwa blanketi, kaza skrubu zote na ongeza waya wa ethi kutoka kwenye moduli mpaka kwenye bodi. Kama ilikuwa imekaa karibu na manifodi ya ekzosi na nyaya zinafika, ihamishie kwenye fenda juu ya kipande cha aluminiamu, upande unaopata upepo. Kwa zile zilizoko ndani ya distributa hutaweza, hizo hakikisha tu feni na rejeta viko sawa, na ukienda safari za Manyoni au Mtera beba ignaita ya mtumba uliyoijaribu mwenyewe, bisibisi ya nyota na kachupa kadogo ka krimu.