Namna ya kuripoti akaunti feki za mikopo Facebook na WhatsApp

Hapa nazungumzia zile akaunti zinazojiita taasisi au kiongozi fulani, zikiahidi mkopo wa haraka bila dhamana, halafu zinadai "ada ya fomu" kwa namba ya simu.

1. Thibitisha. Kama ni ukurasa, ingia Kuhusu, kisha Uwazi wa Ukurasa. Pale pana tarehe ya kufunguliwa na majina ya zamani. Ukurasa wa "mikopo" ambao zamani ulikuwa wa vichekesho au mashabiki wa mpira, usiuamini hata kidogo. Wingi wa wafuasi si ushahidi.

2. Nakili kiungo kabla ya kugusa kingine chochote. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Skrinishoti ya jina haitoshi: jina hubadilishwa, na yanayofanana ni mengi. Fungua wasifu wenyewe, bonyeza nukta tatu, nakili kiungo, ujitumie kwa ujumbe. Kikiwa na profile.php?id= na tarakimu, umepata kitu cha uhakika, maana namba hiyo hubaki ileile hata jina likigeuzwa. Kikiwa na jina la mtumiaji, kihifadhi pia, ila fahamu kwamba linaweza kubadilishwa. Ongeza viungo vya machapisho mawili matatu yanayotaja malipo. Usimzuie tapeli kwanza. Kama yeye ndiye aliyekuzuia, hutamwona hata ukimtafuta. Mwombe ndugu au rafiki akunakilie kiungo kwa simu yake. Na kama pesa imeshakwenda, usifute SMS ya muamala, kwa sababu ina namba ya kumbukumbu.

3. Ripoti wasifu, si chapisho peke yake. Kama jina la mtu halisi limeibwa, chagua sababu ya kujifanya mtu mwingine, na mwenye jina naye aripoti. Vinginevyo chagua utapeli. Kukusanya watu mia waripoti ni kupoteza muda: Facebook wenyewe wanasema wingi wa ripoti hauamui.

4. WhatsApp. Piga skrinishoti, kisha ripoti. WhatsApp hupokea jumbe tano za mwisho alizokutumia, kwa hiyo ripoti mara tu anapoomba pesa. Ukiendelea kubishana naye, ombi lile litasukumwa nje ya hizo tano.

5. Namba ya simu. Tanzania, sambaza SMS ya kitapeli kwenda 15040. Kenya, kwa Safaricom, itume 333. Kama umelipa kwa M-Pesa ya Safaricom (Kenya), sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 papo hapo, kabla pesa haijatolewa.