Kumtambua kome wa mtoni: anzia kwenye gamba tupu

Rangi ya gamba huwapoteza wengi. Kome yuleyule huweza kuwa wa kijani akiwa mdogo na mweusi tii akizeeka topeni. Anza na gamba tupu lililoachwa ukingoni, hasa pale fisi maji anapokula chakula chake.

Lifungue utazame bawaba. Kinundu kilicho juu yake ndiyo sehemu kongwe ya gamba, na ncha iliyo karibu nacho ndiyo ya mbele. Kome wengi wana meno mafupi manene chini ya kinundu na mengine marefu membamba kuelekea nyuma. Kome wa jenasi ya Anodonta hana kabisa: ukipapasa bawaba, ni laini. Corbicula fluminea, mgeni wa kutoka Asia, ni mdogo, wa duara, mwenye matuta yaliyopangika, na meno yake ya pembeni yana makato ya msumeno. Dreissena polymorpha, kome mdogo mwenye mistari kama ya punda milia, hujifunga kwa nyuzi kwenye mawe na hata kwenye gamba la kome mwingine. Kome wa jamii ya Unionida, yaani kome wa mtoni wa kawaida, akishakua hujichimbia tu.

Kuwatafuta walio hai, subiri maji yapungue na kutakata. Panda mto ukikabili mkondo, ili tope ulitimualo libaki nyuma, na utazame kwa ndoo yenye kitako cha kioo. Usitafute gamba, kwani limezama. Tafuta matundu mawili mchangani: la kuvuta maji lina vinyweleo, la kutoa maji halina. Kivuli chako kikiyapita, hufumba. Sehemu nzuri ni changarawe yenye mchanga isiyozolewa na mafuriko, mara nyingi nyuma ya jiwe kubwa.

Ukikuta wakubwa pekee, usifurahi haraka. Watoto wa Unionida, glokidia, kwa kawaida lazima kwanza wajishikize kwenye matamvua au mapezi ya samaki. Bwawa likizuia samaki, au tope likiziba changarawe, uzazi hukatika huku wazee wakiendelea kuishi. Margaritifera margaritifera, kome wa lulu, huweza kupita miaka 100. Ila kabla ya kusema uzazi umekatika, chekecha changarawe kwanza, maana wadogo hukaa chini kabisa.

Kumshika kome hai kwahitaji kibali katika nchi kadhaa, kwa hiyo uliza kabla. Mpime na kumpiga picha kwa dakika chache, bila kumpanua, kwani misuli huchanika. Mrudishe palepale, ncha ya mbele chini, matundu juu. Ukimlaza tu juu ya changarawe, mkondo huweza kumzoa kabla hajajichimbia. Kausha buti na ndoo kabisa kabla ya kwenda mto mwingine: viluwiluwi vya Dreissena havionekani kwa macho.