Kampeni ya kuhasi mbwa na paka: jinsi ya kuiendesha mtaa kwa mtaa

Kampeni ikitangazwa kwa kata nzima, wanyama 60 wanaoletwa hutoka kila kona: wawili mtaa huu, watatu mtaa ule. Kila mtaa unabaki na majike wa kutosha kujaza pengo ndani ya mwaka, na watu wanaanza kusema kuhasi hakusaidii. Anzeni na mtaa mmoja, au hata upande mmoja wa mtaa wenye mipaka inayoeleweka kama reli, mto au barabara kubwa, na msihame mpaka karibu majike wote wamefungwa kizazi. Dume mmoja aliyeachwa anaweza kupanda majike wote wa eneo, kwa hiyo kuhasi nusu ya madume hakupunguzi mimba. Kila jike aliyefungwa kizazi ni uzao mzima usiokuja. Nafasi zikiwa chache, majike kwanza.

Huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, na paka huzaa mwaka mzima. Paka jike anaweza kuingia kwenye joto, yaani kutaka dume, akiwa na miezi minne hadi sita tu, hubeba mimba wiki tisa hivi, na anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Ndiyo maana kampeni ya mara moja kwa mwaka haiwashindi paka. Pangeni kurudi kila baada ya miezi minne au mitano hadi eneo litulie.

Wiki tatu kabla

Nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na afisa mifugo wa kata, kisha barua kwa daktari wa mifugo wa halmashauri. Kenya mlango ni chifu na ofisi ya mifugo ya kaunti. Upasuaji ufanywe na daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Kijana mwenye duka la dawa za mifugo, hata awe na mkono mzuri, asishike kisu. Dawa za usingizi kama ketamini zikae kwenye kisanduku chenye kufuli, na kila mililita iandikwe.

Kisha hesabuni. Piteni mtaani saa 12 alfajiri, siku mbili tofauti, kabla watu na magari hawajawatawanya mbwa. Andikeni nyumba kwa nyumba: mbwa wangapi, majike wangapi, paka wangapi, nani anawalisha wasio na mwenyewe. Orodha hii ndiyo itakayowaambia baadaye kama mmefanikiwa, na ndiyo itakayowapa namba za simu za kuwaita watu siku yao.

Tangazo la spika linafaa kuwajulisha watu, lakini wanaoleta wanyama ni wale waliotembelewa na mtu wanayemfahamu. Mtumieni mjumbe wa nyumba kumi. Kwenye mitaa ya Waislamu, ongeeni na imamu mapema, kabla tangazo halijatoka: wanazuoni wana maoni tofauti kuhusu kuhasi, na yeye ndiye watu watakayemuuliza. Kituo cha mbwa kiwe mbali na msikiti, na njia ya kuwapitisha iwe nyingine, ili mtu anayekwenda kuswali asiguswe na mate ya mbwa.

Swali mtakalokutana nalo kila nyumba ni hili: dume akihasiwa si atakuwa mlegevu, asilinde? Mbwa hulinda kwa sababu ya eneo lake, watu wake na tabia aliyozaliwa nayo. Kinachopungua ni kuzurura kutafuta majike, kupigana na madume wenzake na kukojoa kila nguzo. Dume anayelala nyumbani hulinda zaidi ya yule anayeshinda mtaa wa tatu. Waambieni ukweli pia kwamba mnyama aliyehasiwa hunenepa haraka, kwa hiyo chakula kipunguzwe kidogo baada ya kidonda kupona, na kwamba dume anaweza kutia mimba kwa wiki kadhaa baada ya kuhasiwa. Mtenganisheni na majike kwa mwezi mmoja na nusu.

Hesabu ya siku moja

Kosa la kawaida ni kuandikisha wanyama 40 kwa daktari mmoja. Kadirieni hivi: mbwa jike dakika 40, mbwa dume 20, paka jike 25, paka dume 8. Mkiwa na mbwa majike 6, mbwa madume 4, paka majike 6 na paka madume 4, ni zaidi ya saa nane za kisu. Madaktari wawili watamaliza kwa saa nne na kitu. Wakianza saa 2:30 asubuhi, mnyama wa mwisho atatoka mezani karibu saa 7 mchana, na huo ndio mwisho unaofaa, maana anahitaji saa kadhaa za kuzinduka kabla giza halijaingia. Pangeni mbwa majike mwanzo, daktari akiwa na nguvu, na paka madume mwisho.

Kwa wanyama hao 20 andaeni angalau seti 8 za vyombo vya upasuaji, na chungu cha presha cha kuvitakasa kwa mzunguko: dakika 20 tangu presha ijae, si tangu kiwekwe motoni. Kuchemsha kwenye sufuria hakuui vijidudu vyote. Kila mnyama apate vyombo vyake safi na glovu mpya. Seti moja ikipita kwa wanyama watatu, mtakutana na usaha siku ya nne. Nyuzi ziwe za kuyeyuka na mshono ufichwe chini ya ngozi, kwa sababu wengi hawatarudi kutolewa nyuzi. Wekeni mizani, kisanduku cha sindano zilizotumika, na shimo la mita moja kwenda chini kwa mabaki, la sivyo mbwa watayafukua usiku uleule.

Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe kwa kila mnyama siku hiyohiyo, kuanzia umri wa miezi mitatu, na mbwa wa mtaa wasiokuja kupasuliwa wachanjwe pia. Lengo linalojulikana ni asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo. Chanjo ikae nyuzijoto 2 hadi 8 ndani ya deli lenye vifuko vya barafu, lakini isigusane na barafu yenyewe, kwani ikiganda imeharibika. Kichupa cha dozi 10 kikishafunguliwa kimalizwe siku hiyo. Pemba iliutokomeza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa kwa kurudiarudia. Uliporudi mwaka 2016, chanjo ndiyo iliyouzima tena. Kupiga mbwa risasi au kuwawekea sumu hakujawahi kuleta matokeo hayo: waliochanjwa hufa pamoja na wasiochanjwa, na nafasi yao huingiliwa na wageni wasio na kinga.

Nani asipande mezani

Hapa ndipo vifo vingi huzuiwa. Mfunueni kila mnyama mdomo mtazame fizi. Zikiwa nyeupe au zina vidoa vyekundu kama vya kalamu, mrudisheni na dawa. Mbwa wetu wengi wana kupe, na homa za kupe hupunguza damu na chembe zinazoigandisha. Mbwa wa namna hii huonekana mzima, anatikisa mkia, kisha huvuja damu tumboni baada ya mshono kufungwa. Watangazieni wenye mbwa waanze dawa ya kupe wiki mbili kabla.

Ila ulizeni ni dawa gani. Baadhi ya dawa za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi, ambayo hupunguza mapigo ya moyo kwa njia ileile ya xylazini, dawa ya usingizi inayotumika sana kwenye kampeni. Mbwa aliyeogeshwa jana akidungwa xylazini leo anaweza kusimama moyo. Aliyeogeshwa ndani ya wiki moja asubiri. Paka asiogeshwe dawa hiyo kabisa.

Wengine wa kusubiri: anayekohoa au kutoka kamasi, aliye kwenye joto (mishipa imejaa damu), anayenyonyesha mpaka wiki mbili baada ya kuachisha, na mbwa aliyemng'ata mtu ndani ya siku 10 zilizopita, huyo afungiwe na kuangaliwa hadi siku 10 ziishe. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri matokeo ya mbwa. Kuhusu wenye mimba, daktari na kamati waamue kabla ya siku yenyewe, na mwenye mnyama aambiwe kwa maneno ya wazi.

Asubuhi ya upasuaji

Mnyama mkubwa asile tangu saa 4 usiku. Maji apewe mpaka asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi minne asikae na njaa zaidi ya saa tatu au nne, sukari yake ya damu hushuka upesi. Mtu akikiri kwamba mbwa ameiba ugali saa moja iliyopita, msimkaripie. Msogezeni mwisho wa foleni au siku nyingine. Ukali ukionekana, wanaofuata watadanganya, na mnyama atatapika matapishi yaingie mapafuni.

Kila paka aje peke yake, kwenye tenga lililofungwa vizuri au mfuko wa salfeti wenye hewa, ukiwekwa kivulini. Mbwa aje na kamba. Mbwa mkali afungwe mdomo kwa kipande cha kanga, na kipande hicho kifunguliwe mara tu dawa inapoanza kumlegeza: xylazini hutapisha, na mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kutapika wala kuhema joto likimzidi.

Pimeni uzito, msikadirie kwa macho. Kumwona paka wa kilo 3 kuwa wa kilo 4 ni kumzidishia dawa kwa theluthi nzima. Kama mizani ni ya watu, mtu apande na mbwa, apande bila mbwa, mtoe tofauti. Andikeni namba kwenye utepe wa karatasi mkauzungushe shingoni. Namba hiyohiyo iwe kwenye kadi na kwenye tenga. Kadi ionyeshe jinsia, uzito, simu ya mwenyewe na saini yake kwamba ameelezwa hatari, ikiwemo ya kifo.

Kuzinduka

Watu wawili wasio na kazi nyingine wakae na wanaozinduka. Mnyama alazwe ubavu kwenye mkeka au magazeti, shingo imenyooka, ulimi umetolewa nje, atazamwe pumzi kila dakika tano. Hata Dar es Salaam mwezi wa Januari mnyama aliye usingizini hupoa, hasa paka mdogo aliyelowanishwa spiriti. Chupa za maji ya vuguvugu zilizofungwa kwa kitambaa ziwekwe pembeni yake. Ketamini huacha macho wazi, kwa hiyo mafuta ya macho yapakwe tangu mezani. Asiondoke mpaka asimame na kutembea.

Kila paka aliyepasuliwa akatwe ncha ya sikio la kushoto akiwa bado usingizini, mkato ulionyooka, karibu sentimita moja kwa paka mkubwa. Alama hiyo huonekana kwa mbali na humwokoa asikamatwe na kupasuliwa tumbo mara ya pili bure.

Nyumbani, siku kumi

Jioni ya kwanza apewe maji kidogo na nusu ya chakula. Asioge, asifungwe mnyororo unaogusa kidonda, asilambe mshono. Fulana ya mtoto iliyofungwa mgongoni hutosha kwa mbwa wengi. Msimpake majivu, chumvi, mafuta ya taa wala mafuta ya kupikia. Kidonda kilicho wazi huvuta nzi, nzi huleta funza, kwa hiyo alale ndani kwa siku chache za mwanzo. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka. Dawa ya maumivu ni ile aliyotoa daktari tu.

Apigiwe daktari damu ikidondoka, mshono ukifunguka, fizi zikiwa nyeupe, au asipokula saa 24. Uvimbe mdogo kwenye mfuko wa korodani za dume ni kawaida. Ukiwa kama limau na wa moto, si kawaida. Kampeni ipige simu kesho yake, siku ya tatu na ya kumi. Kifo kikitokea, kamati iende nyumbani kutoa pole na kueleza kilichotokea. Kikifichwa, mtaa mzima utakisikia kwa namna nyingine.

Paka wa soko la samaki na mabucha

Hawa wanahitaji mitego ya tundu. Ombeni wanaowalisha wasitoe chakula tangu mchana, tegeni jioni kwa dagaa, na mtego ukifunga ufunikwe kitambaa papo hapo. Gizani paka hutulia. Baada ya upasuaji dume akae ndani saa 24, jike hadi 48, kisha arudishwe palepale aliponaswa. Akipelekwa kwingine hupotea au huuawa.

Na zungumzeni na wauza samaki na wenye mabucha. Matumbo ya samaki yaliyoachwa chini ndiyo yanayoamua soko litalisha paka wangapi. Pipa lenye mfuniko linalomwagwa kila jioni hufanya kazi ambayo kisu hakiwezi. Kisha wenye nyumba: wapangaji wengi huhama na kuacha paka, kwa hiyo mwenye nyumba akimwuliza mpangaji kuhusu mnyama siku anapodai ufunguo, wengi wataokolewa. Watoto wa mbwa na paka wasigawiwe kabla ya wiki nane, na anayegawa achukue namba ya simu ya anayepokea ili wote waandikwe kwenye orodha ya raundi inayofuata.

Kabla ya raundi hiyo piteni tena saa 12 alfajiri kwa njia ileile. Hesabuni paka wasio na alama na majike wenye chuchu zilizojaa, kisha waulizeni majirani jike yule anazalia wapi.