Kuomba ruzuku ya iDEX nchini India

Tangu 2018, mpango wa iDEX (ubunifu wa ulinzi) wa Wizara ya Ulinzi ya India hutoa, katika changamoto zake za kawaida, hadi rupia milioni 15 kwa kampuni changa na viwanda vidogo vinavyobuni vifaa vya jeshi na anga. Kwanza pata utambulisho wa DPIIT (idara ya serikali inayotambua kampuni changa), au usajili wa Udyam (wa viwanda vidogo). Kisha jibu changamoto, yaani tatizo la kiufundi linalotafutiwa suluhisho, iliyotokana na mahitaji ya jeshi lenyewe. Wazo zuri lisilo na mtumiaji halifiki mbali.

Wengi hukwamia kwenye fedha. Ruzuku hutolewa kwa awamu, hatua ikishakaguliwa, na mwombaji huchangia kiasi kilekile. Tenga mtaji kabla ya kusaini, na ukubaliane mapema vigezo vya majaribio: vikiachwa hewani, sampuli itarudishwa karakana kila mara.