Jinsi ya kuisoma mizizi ya maharage kabla hujanunua mbolea

Maharage yenye njaa ya fosforasi, kirutubisho ambacho mmea hukivuta udongoni, hayageuki manjano. Yanadumaa, majani yanakuwa madogo, na rangi inakolea kijani kiasi kwamba mpita njia anaweza kuyasifia. Ndiyo maana wakulima wengi huku Nyanda za Juu Kusini hugundua tatizo siku ya kupura, debe zikihesabika kwa vidole. Mizizi husema mapema, tangu maua ya kwanza, na kuisoma hakuhitaji maabara.

Nilianza kuichukulia mizizi kwa uzito baada ya mzee mmoja kuniita shambani kwake. "Shikamoo mzee." "Marahaba, bibi shamba. Njoo uone, mbolea nimeweka lakini maharage yamegoma." Mbolea aliyoweka ilikuwa urea, mara mbili. Tulichimba mche mmoja katikati ya shamba na mwingine palipokuwa boma la ng'ombe zamani. Wa bomani ulikuwa na vinundu, vile vijumba vya bakteria wanaouletea mmea naitrojeni, vimejaa kama shanga. Wa katikati haukuwa na kinundu hata kimoja, na mizizi yake ilikuwa imetambaa chini kidogo tu ya uso wa udongo, kama mtu anayepapasa sakafuni akitafuta sindano iliyomdondoka. Mche ulikuwa unatafuta fosforasi, na sisi tulikuwa tunaupa naitrojeni.

Hii ndiyo njia ninayoifuata tangu siku hiyo.

Hatua ya 1: Chagua siku na mimea

Chimba maua yanapoanza. Kabla ya hapo mizizi bado inajipanga. Ukichelewa hadi maganda yajae, vinundu vinaanza kufa vyenyewe na utasoma vibaya. Chagua miche mitatu sehemu dhaifu na mitatu sehemu yenye nguvu ya shamba hilohilo, mbegu ileile, iliyopandwa siku moja. Sehemu yenye nguvu mara nyingi ni palipokuwa boma, jalala au jiko la zamani. Usilinganishe na shamba la jirani, maana hujui alipanda mbegu gani.

Hatua ya 2: Chimba, using'oe

Funga uzi kwenye shina usawa wa ardhi kabla ya kugusa udongo. Uzi huo ndio utakaokuonyesha baadaye mizizi ilianzia wapi na ilielekea wapi. Kisha zungushia beleshi umbali wa sentimita 20 hivi kutoka kwenye shina, zamisha bapa lote, na inua bonge zima. Ukivuta kwa mkono utabaki na mzizi mkuu tu, na habari yote itakuwa imebaki ardhini.

Hatua ya 3: Loweka na uoshe

Tumbukiza bonge kwenye ndoo ya maji yenye sabuni ya unga kidogo, liache kama robo saa, halafu litikise taratibu hadi udongo udondoke. Usisugue. Tandaza mizizi juu ya kiroba cheupe, piga picha kwa simu, na uandike ni mche wa wapi.

Hatua ya 4: Soma

Hapa ndipo pa kutulia, na ni vizuri uelewe kwanza kwa nini mmea unafanya unachofanya.

Naitrojeni ya aina ya naitreti huyeyuka na kusafiri na maji. Mvua kubwa ikipiga, inazama chini. Fosforasi ni kinyume chake. Kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hunaswa na chuma na aluminiamu, na ile kidogo iliyo huru husogea milimita chache tu. Mzizi ukishakula ile iliyouzunguka, pale pamekwisha. Ni lazima uhamie mahali papya. Tena fosforasi nyingi iko tabaka la juu, kwa sababu huko ndiko majani huozea na samadi humwagwa. Kwa hiyo mmea wenye njaa ya fosforasi hutafuta juu juu, na wenye njaa ya naitrojeni hufaidika ukizama. Ukishika hili, mengi yatajieleza.

Anza na shingo, pale mzizi mkuu unapokutana na shina. Utaona mizizi minene iliyochomoza kuzunguka shingo hiyo. Weka kipima pembe cha mkebe wa hesabu usawa wa uzi. Mizizi iliyolala karibu sambamba na ardhi inatafuta juu. Iliyoelekea chini kama miguu ya kigoda inafuata maji. Mwaka 1996 Jonathan Lynch wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, na wenzake walionyesha kwamba maharage yakikosa fosforasi huweza kuilaza mizizi hii zaidi kuliko yakiwa yameshiba. Ila si kila mbegu inafanya hivyo. Nyingine zimelaza mizizi tangu kuzaliwa, nyingine zinazamisha hata zikifa njaa. Ndiyo sababu nimesisitiza kulinganisha mbegu ileile.

Kisha tazama juu ya shingo, kwenye sehemu ya shina iliyokuwa imefukiwa. Mizizi myembamba inayochomoza hapo ni ya bei rahisi kwa mmea: haili chakula kingi na inakaa palepale fosforasi ilipo. Ikiwa mingi kwenye miche dhaifu kuliko kwenye yenye nguvu, hiyo ni dalili ya pili.

Dalili ya tatu ni uwiano. Mmea uliokosa fosforasi au naitrojeni hupeleka chakula chake kingi chini, kwa hiyo utaona mwili mdogo juu ya mizizi mingi kuliko ulivyotegemea. Mmea uliokosa potasiamu au magnesiamu hauwezi kufanya hivyo, kwa sababu madini hayo ndiyo yanayosaidia sukari kutoka kwenye majani. Sukari inakwama juu na mizizi inadumaa. Mizizi haba chini ya majani yaliyoungua kingo, kuanzia yale ya chini, hainipeleki kwenye fosforasi. Inanipeleka kwenye potasiamu.

Mwisho, pasua vinundu kwa ukucha. Ndani kukiwa na wekundu, kana kwamba damu imechanganywa na maji, bakteria wanafanya kazi ya kuvuta naitrojeni ya hewani. Wekundu huo ni wa protini iliyo ndugu wa ile ya damu yetu. Ndani kukiwa kweupe au kijani, hakuna kazi. Kazi hiyo hula nguvu nyingi, na nguvu ya chembe hai hubebwa na fosforasi. Bila fosforasi vinundu vinakuwa vichache, vidogo na vyeupe, na mkulima anadhani anahitaji urea. Akiiweka, mmea unapunguza vinundu zaidi. Hilo ndilo lililomkuta yule mzee.

Vinyweleo vya mizizi, yaani vile vijinywele vyembamba kwenye ngozi ya mzizi, havitaonekana vizuri baada ya kuosha, vingi hukatika. Lakini vina uzito mkubwa. Magalhães Miguel, mtafiti wa Msumbiji, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2015 kwamba maharage yenye mizizi iliyolala na pia vinyweleo virefu hukua kwenye udongo wenye uhaba wa fosforasi kwa faida inayokaribia mara mbili ya jumla ya sifa hizo zikiwa mbalimbali. Mantiki yake iko wazi: mizizi iliyolala huvifikisha vinyweleo penye chakula, na vinyweleo hukinyonya.

Hatua ya 5: Usidanganywe na vinavyofanana

Mizizi mingi juu ya shingo inaweza pia kuletwa na inzi wa maharage. Funza wake hula ndani ya shina karibu na ardhi, na mmea ukikatwa chini unajiokoa kwa kutoa mizizi juu ya jeraha. Pasua shina. Ukiona limevimba, limepasuka, au lina vijibuu vya kahawia, tatizo lako ni mdudu.

Mizizi mifupi, minene, yenye ncha butu, isiyo na matawi membamba, inaniambia aluminiamu. Udongo wenye pH (kipimo cha tindikali) chini ya 5.5 huanza kuiachia iyeyuke, na huchoma ncha za mizizi. Hapo hata ukimwaga fosforasi, mizizi haina ncha za kuifuata. Chokaa kwanza, ukishapima udongo.

Vinundu vya bakteria vinabanduka kwa ukucha kwa sababu vimeshikizwa pembeni. Uvimbe usiobanduka, ambao ni mzizi wenyewe umevimba, ni minyoo fundo, vijinyoo vya udongoni vinavyoingia mzizini. Na mzizi mkuu uliopinda kama kiwiko kina kilekile kwenye miche yote umegonga tabaka gumu lililoshindiliwa na jembe la kukokotwa.

Hatua ya 6: Sikiliza na mahindi

Kama umechanganya mahindi humo humo, yatazame pia. Majani yenye zambarau kingoni huashiria njaa ya fosforasi, ingawa baridi kali ya huku juu nayo huleta zambarau, kwa hiyo siiamini peke yake. Umanjano unaoanzia kwenye ncha ya jani la chini na kushuka katikati kama V ni njaa ya naitrojeni.

Jambo moja la mahindi na mtama naomba ulishike vizuri, hasa wewe ambaye shamba lako lina kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao. Mizizi iliyokosa fosforasi hutoa kwenye udongo kemikali ziitwazo strigolaktoni. Ni wito. Kuvu rafiki wa mizizi wakiusikia hutanua nyuzi zao, huingia kwenye mzizi, na kuanza kuuletea fosforasi kutoka mahali ambapo mzizi usingefika. Nao hulipwa sukari. Wajapani wakiongozwa na Akiyama walilithibitisha hilo mwaka 2005. Lakini mbegu ya kiduha, inayoweza kulala ardhini miaka mingi, imejifunza kuusikia wito huohuo. Ikiusikia inaota na kujishikiza kwenye mzizi. Kilio cha mahindi kumwita msaidizi ndicho kinachomwamsha mwizi. Ndiyo maana kiduha hustawi kwenye mashamba yaliyochoka, na kulisha udongo ni sehemu ya vita dhidi yake sawa na kuking'oa.

Hatua ya 7: Ikague mbegu ya msimu ujao

Hii unaifanya nyumbani, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Funga mbegu kumi kumi za kila aina uliyonayo kwenye kitambaa chenye unyevu, weka gizani. Kati ya siku ya tatu na ya tano, fungua na uangalie shingo ya mche. Mizizi ya pembeni huchomoza kwa duara, duara juu ya duara, kwa kawaida minne kila duara. Mbegu nyingine zina duara moja au mbili, nyingine tatu, na zipo za nne. Duara nyingi ni mizizi mingi: ya juu hutambaa, ya chini huzama. Kwenye shamba lenye uhaba wa fosforasi mimi huchagua mbegu yenye duara tatu au zaidi, hata kama mwenye duka anaisifia nyingine.

Tahadhari ni moja: mizizi iliyolala sana hukauka haraka jua likikaza. Kama mvua zako hukatika mapema, usipande ya kutambaa peke yake. Wakulima wa Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wamezoea kupanda mchanganyiko wa mbegu shamba moja, na ukiangalia kwa jicho la mizizi, mchanganyiko huo unaweza kugawana tabaka za udongo.

Hatua ya 8: Weka mbolea pale mizizi ilipo

Mwaka 1975 Mwingereza Malcolm Drew alikuza shayiri huku akiipa tabaka moja tu la mizizi lishe ya kutosha. Palipokuwa na naitrojeni au fosforasi, mizizi ilitoa matawi kwa wingi palepale; palipokuwa na potasiamu haikufanya hivyo. Maana yake kwetu ni kwamba fosforasi iliyorundikwa mahali pamoja huivuta mizizi, na ile iliyotawanywa shamba zima hunaswa na udongo mwekundu kabla haijaonwa.

Kwa hiyo mbolea ya kupandia, DAP au nyingine yenye fosforasi, iweke ndani ya shimo, ifukie kwa udongo kiasi cha sentimita 5, ndipo uweke mbegu. Isigusane na mbegu, itaiunguza. Kama una samadi, changanya humohumo. Hupunguza kunaswa kwa fosforasi. Mbolea ya mawe ya Minjingu huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali, na kwenye udongo wa chokaa hukaa tu. Kama umeona ncha butu za aluminiamu, peleka udongo ukapimwe pH kabla ya lolote: vituo vya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, yaani TARI Uyole kwa tulio huku, TARI Mlingano kwa walio Tanga.

Wakati wa kupalilia, inua udongo uguse shina. Ile mizizi ya juu ya shingo itapata pa kuchomozea.

Na usiiache mbaazi. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa India walionyesha kwamba mizizi yake hutoa asidi ya pisidiki, inayoifungua fosforasi iliyokamatwa na chuma. Majani yake yakidondoka na kuoza, zao linalofuata linakula kile ambacho lisingeweza kukivunja lenyewe. Kwa asiye na hela ya mbolea msimu huu, mistari ya mbaazi ndani ya mahindi ndiyo ningeanza nayo.

Msimu ujao acha mistari mitatu bila mbolea ya kupandia, mitatu ukiiweka, na maua yakianza chimba tena miche sita. Weka picha zake kando ya zile za mwaka huu, uzi ukiwa usawa uleule.