Kufuatilia jina la ukoo la Kiitaliano: jinsi tulivyowafuata akina Esposito

Kama unatafuta asili ya jina la ukoo la Kiitaliano, jina lenyewe liweke pembeni kwanza, utafute mji. Kumbukumbu za Italia zimepangwa kwa manispaa, yaani comune. Asiyejua comune ya babu yake hana pa kuanzia. Mimi nimeolewa Torre del Greco, chini ya mlima Vesuvio, na wakwe zangu ni akina Esposito, jina lililojaa Napoli kuliko jingine lolote. Kuuliza Esposito wa Napoli ni kama kuulizia Juma Kariakoo.

Basi kaa na wazee. Waulize marehemu alibatizwa parokia gani, alifunga ndoa wapi, kazi yake ilikuwa nini. Omba kuona vyeti vya zamani, kadi za misa za marehemu, na maandishi nyuma ya picha. Kama ukoo ulihamia Marekani, orodha za abiria wa meli mara nyingi zinataja mji walikotoka. Na ukisikia kwamba maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, walibadilisha jina, usiridhike haraka: wao walifuata orodha iliyokuja na meli.

Ukishapata mji, fungua Antenati, tovuti ya hifadhi za nyaraka za serikali ya Italia. Ni bure. Usajili wa kiraia haukuanza pamoja nchi nzima. Huku ufalme wa Napoli ulianza 1809, Sicilia 1820, sehemu kubwa ya nchi 1866, na Veneto 1871. Kabla ya hapo utategemea madaftari ya kanisa, kwa kuwa Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1563 uliagiza kila parokia iandike ubatizo na ndoa. Vyeti ambavyo havijafikisha miaka 70 viombe kwenye ofisi ya comune, ukieleza undugu wako na mhusika.

Rudi nyuma hatua moja moja: cheti cha mtoto kikupeleke kwa baba, cha baba kwa babu. Usiruke hata kizazi kimoja kwa sababu umeona jina linalofanana. Ukikuta "Ciro di Vincenzo", baba yake Vincenzo alikuwa hai siku ile. Ukikuta "Ciro fu Vincenzo", alikwisha fariki. Herufi hizo mbili zinakuambia kama utafute cheti cha kifo kabla au baada ya tarehe hiyo. Wanawake nao huandikwa kwa jina la baba zao hata baada ya kuolewa, kwa hiyo upande wa bibi haupotei.

Lakini hazina yenyewe ni viambatisho vya ndoa, allegati au processetti. Katika ufalme wa Napoli, wachumba walileta vyeti vyao vya kuzaliwa. Kama baba wa bwana harusi alikwisha kufa, walileta cheti chake cha kifo, na mara nyingi cha babu pia. Unaweza kupata vizazi vitatu ndani ya bahasha moja. Mimi huanzia hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Ndimo tulimomkuta Ciro, mvuvi wa marijani, aliyeoa 1852. Cheti cha kifo cha baba yake, Vincenzo, kilisema: mtoto wa wazazi wasiojulikana. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akaniambia niendelee kusoma.

Esposito lilikuwa jina la watoto walioachwa. Kwenye ukuta wa Annunziata, nyumba ya kupokea watoto hao mjini Napoli, palikuwa na chombo cha mbao kinachozunguka, ruota. Mtoto aliwekwa upande wa barabarani, akazungushwa ndani, aliyemleta asionekane. Kilifungwa 1875. Madaftari yake yapo, na yanaandika saa mtoto alipopokewa, umri wa kukadiria, nguo alizovaa na alama yoyote aliyoachiwa. Joachim Murat, mfalme wa Napoli kati ya 1808 na 1815, alikataza watoto hao kupewa jina la Esposito, na baadaye waandishi wa madaftari wakawa wanawabunia majina. Kwingine watoto walioachwa waliitwa majina mengine: Colombo wa Milano, Innocenti wa Firenze na Proietti wa Roma, ingawa si kila mwenye jina hilo leo ana asili hiyo.

Kwa hiyo Esposito wawili wa mtaa mmoja huenda hawana damu moja, na kitabu chochote kinachokuuzia nembo ya "ukoo wa Esposito" kiache dukani. Ukifika kwa mtoto wa ruota, upande wa baba umekoma. Usiuone aibu, andika jina lake kwenye mti wa ukoo kama mwingine yeyote, kisha chukua cheti cha mkewe. Sisi sasa tunawafuata wakwe wa Vincenzo, nao walibatizwa katika parokia ya Santa Croce, hapa hapa Torre.